Waifai ya Nyumbani Inapokatika: Tuchunguze Kabla ya Kulaumiana

Ofisi ya msikiti huletewa mambo ya kila namna. Huletwa habari za ndoa na talaka, za maiti anayesubiri kuzikwa, za mirathi iliyokwama miaka na miaka. Na siku hizi, mara nyingi kuliko msomaji atakavyodhani, huletwa kompyuta. Sababu yake iko wazi. Darsa nyingi za tafsiri, masomo ya tajwidi na hifdhi ya Qur'ani hufanyika kwa njia ya intaneti baada ya swala ya Isha. Watoto wa sekondari hupokea kazi zao humo, na baba aliyeko Muscat au Doha huonana na wanawe humo humo. Mtandao ukikatika nyumbani, hukatika pamoja na mambo ambayo familia imeyajengea ratiba yake.

Lililonisukuma kuandika ni kwamba katika malalamiko hayo, mara nyingi kinachoharibika kwanza ni masikilizano ya watu wa nyumba. Mume humshuku mke kuwa amemaliza kifurushi kwa kutazama video. Mama humshuku mtoto. Wote kwa pamoja humshuku jirani kuwa amejipachika katika mtandao wao. Kisha huitwa fundi, naye fundi huagiza kinunuliwe kifaa kipya. Katika nyumba nilizoitwa kutazama, ni chache mno ambazo kifaa kipya kilihitajika kweli.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe lilivyo. Njia ya kutoka kwenye kompyuta yako hadi ulimwenguni ina vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni mawimbi ya redio yaliyo kati ya kompyuta na ruta, na hicho ndicho kinachoitwa waifai. Kipande cha pili ni ruta yenyewe. Kipande cha tatu ni kutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni inayokuuzia huduma, ama kwa waya wa faiba uliofika nyumbani, ama kwa laini ya simu iliyotiwa ndani ya ruta. Na kutoka kwa kampuni hadi kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kwa hiyo waifai na intaneti si kitu kimoja. Alama ya waifai yaweza kuwa imejaa hadi juu hali intaneti haipo, kama vile bomba laweza kuwa zima hali tangi ni tupu.

Kipande cha tatu kikikatika, nyumbani hakuna la kufanya. Wasomaji watakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku ile hata fundi hodari kuliko wote asingeipata intaneti kwa kufungua ruta ya mtu, ijapokuwa wapo waliozifungua.

Basi utajuaje ni kipande kipi kilichokatika? Tumia simu ya mkononi. Izimie data ya laini yake (hatua hii husahauliwa, na simu ikaendelea kupata intaneti kutoka kwenye laini huku mtu akidhani ni waifai), kisha iunganishe na waifai ileile ya kompyuta, ukiwa umeketi mahali palepale ilipo kompyuta. Fungua ukurasa wowote ambao hujawahi kuufungua. Simu ikipata na kompyuta isipate, ruta na kampuni zimetoka lawamani. Tatizo linatafutwa kwenye kompyuta. Vyote viwili vikikosa, iache kompyuta, iendee ruta. Wanafunzi wa fiqhi wanaifahamu kanuni ya kusimama kwenye yakini kabla ya kwenda kwenye shaka. Hapa inafanya kazi yake barabara, na fundi asiyeifuata huanza kwa kufuta programu za watu.

Kwenye ruta, tazama taa. Taa ya umeme ikiwaka na taa ya intaneti ikawa nyekundu au imezimika, ulizia kampuni au angalia salio la kifurushi kabla ya jambo lolote. Kama kifurushi kipo, chomoa ruta kwenye umeme, hesabu nusu dakika, irudishe, na uipe dakika tatu bila kuigusa. Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na ruta ikiwashwa katika hali hiyo huweza kusimama nusu njia. Lakini pana jambo la kutahadhari. Nyuma au chini ya ruta kuna tundu dogo lenye kitufe ndani yake, la kubonyezwa kwa sindano. Kitufe hicho hakizimi ruta na kuiwasha. Hufuta mipangilio yote, pamoja na ile iliyowekwa na kampuni, na nyumba iliyokuwa na tatizo la dakika tatu ikawa na tatizo la siku tatu. Watoto wasikiguse, na watu wazima pia wasikiguse.

Kuna nyumba moja katika jirani yetu ambayo kisa chake nakieleza kwa idhini ya wenyewe. Kijana wao wa miaka kumi na miwili anahifadhi Qur'ani kwa mwalimu aliye mji mwingine, somo likianza saa mbili na nusu usiku. Kwa wiki kadhaa somo likawa linakatika karibu kila usiku, sauti ikipotea katikati ya aya, kisha ikirudi baada ya dakika mbili tatu. Mwalimu akalalamika kuwa mwanafunzi hana bidii. Baba akaifungua kompyuta mara kadhaa mchana akakuta intaneti ni nzuri; akahitimisha kuwa mtoto anaikata mwenyewe kila anapofika mahali asipopahifadhi vizuri. Kijana akaapa kuwa sivyo. Akaadhibiwa kwa kukata intaneti, kisha akaadhibiwa tena kwa kuapa.

Nilipoulizwa, nilitaka kujua jambo moja tu: saa hiyo ya saa mbili na nusu, kuna kitu gani kingine kinachofanyika ndani ya nyumba? Jibu likawa kwamba chakula cha usiku kinapashwa moto. Ruta yao ilikuwa imewekwa juu ya friji, na ubavuni mwa friji, umbali wa mkono mmoja, kulikuwa na maikrowevu. Kifaa hicho hupasha chakula kwa mawimbi ya takriban gigahezi 2.45. Waifai ya kawaida husafiri kwenye gigahezi 2.4. Maikrowevu ikiwaka, mawimbi machache huvuja, na ingawa kiasi hicho hakimdhuru mtu, kwa ruta iliyo karibu ni kama mtu anayepiga kelele sikioni mwa anayejaribu kusikiliza mnong'ono. Tulijaribu mbele ya wote. Maikrowevu ikawashwa na bakuli la maji ndani yake, sauti ya mwalimu ikakatika. Ikazimwa, sauti ikarudi. Tukarudia mara tatu.

Baba yule alimwomba radhi mwanawe palepale, mama na dada zake wakisikia. Sikuwahi kuona mzazi wa rika lake akifanya hivyo, na nadhani kijana atalikumbuka hilo hata atakaposahau maikrowevu.

Dawa ilikuwa nyepesi. Ruta ilihamishiwa sebuleni juu ya rafu, na kompyuta ikaunganishwa na jina la pili la mtandao, lile la gigahezi 5, ambalo maikrowevu hailigusi. Ruta nyingi za sasa hutoa majina yote mawili, na inafaa familia ijue tofauti yake. Gigahezi 5 ni ya kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Gigahezi 2.4 ni ya polepole lakini hupenya mbali zaidi. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta ni nene kiasi kwamba ruta iliyo ukumbini huenda isionekane chumba cha tatu kwa mawimbi yoyote kati ya hayo mawili; huko ni afadhali kuvuta waya hadi chumba cha watoto. Katika maghorofa ya Kariakoo mambo ni kinyume. Mawimbi yanafika, lakini ruta ishirini za majirani zinazungumza kwa pamoja. Kwenye gigahezi 2.4, njia tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, ndizo zisizoingiliana, na mwenye kujua kuingia kwenye mipangilio ya ruta yake achague ile iliyo na watu wachache. Popote ulipo, usiifiche ruta kabatini kwa kuwa haipendezi, wala usiiweke nyuma ya televisheni, kando ya tangi la maji au chini ya kitanda cha chuma. Chuma huyarudisha mawimbi na maji huyameza.

Sasa tuseme simu inapata na kompyuta haipati. Jambo la kwanza la kutazama ni kitufe chenye picha ya antena au ya ndege kwenye safu ya juu ya kibodi, ambacho huzima waifai. Mtoto mdogo akipita na kidole chake, kompyuta hukaa bila mtandao hadi atokee wa kukibonyeza tena. Ukiona waifai imewashwa na bado inakataa, iambie kompyuta iusahau mtandao huo, kisha uuchague upya na kuandika neno la siri; hasa kama neno hilo lilibadilishwa karibuni. Kompyuta za zamani haziyaoni kabisa majina ya gigahezi 5, na nyingine hazielewi ulinzi mpya uitwao WPA3, kwa hiyo zinahitaji ruta iwekwe kwenye WPA2. Hapo hakuna kilichoharibika. Ni kama mzee na mjukuu wanaozungumza lugha mbili.

Anayetumia Windows anaweza kwenda hatua moja zaidi. Afungue sehemu ya utafutaji, aandike cmd, kisha ndani ya dirisha jeusi aandike ipconfig. Zitatokea tarakimu. Anwani ya kompyuta ikianza na 192.168, ruta nyingi za nyumbani zikitoa anwani za aina hiyo, basi kompyuta imepokewa na ruta na tatizo liko mbele. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta imebisha hodi, haikujibiwa, ikajipa anwani yenyewe. Kuzima na kuwasha ruta kwanza, kisha kompyuta, mara nyingi humaliza.

Kosa linalonishangaza zaidi ni la saa. Bibi mmoja anayefuatilia darsa za wanawake aliambiwa anunue ruta mpya, naye akawa tayari kuvunja kibubu alichokiweka kwa ajili ya umra. Waifai yake ilikuwa nzima, ila kila ukurasa aliofungua ulimwonya kuwa si salama. Nilitazama pembeni mwa kioo: kompyuta iliamini kuwa ni mwaka 2012. Kurasa salama za intaneti hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na kompyuta iliyorudi nyuma miaka mingi huviona vyeti vyote kuwa havijaanza. Tarehe iliporekebishwa, darsa likafunguka. Kwa kuwa tarehe ilikuwa ikirudi nyuma kila kompyuta inapochomolewa, tulibadilisha betri ndogo ya duara ndani yake, ya namba CR2032, inayouzwa kwa bei ya chini madukani. Fedha za umra hazikuguswa.

Kuhusu jirani anayeshukiwa, ruta huorodhesha vifaa vilivyounganishwa nayo, na kabla ya kumtuhumu mtu hesabu kwanza simu, televisheni na kompyuta za nyumba yako. Ukimkuta mgeni kweli, badilisha neno la siri na umalize hapo. Upande wa pili wa jambo hili hausemwi sana. Anayetumia mtandao wa jirani bila idhini, kwa kuwa tu hauna neno la siri au amelipata kwa mtoto wao, anatumia mali ya mtu. Sura ya An-Nur imetufundisha adabu ya kubisha hodi kwenye nyumba za watu, na sioni kwa nini mlango huu usihesabiwe. Hata mtandao wa msikiti wetu, unaolipiwa kwa sadaka za waumini kwa ajili ya madrasa, ulikuwa ukichoka kila usiku wa mechi kwa sababu vijana walikaa barazani wakitazama mpira kwa fedha za madrasa. Kamati iliamua kutenga mtandao wa wageni wenye kikomo. Baadhi ya vijana bado wamenuna.

Wazazi wengi wameweka kichujio cha kuzuia picha chafu kwa kubadilisha anwani za kutafutia majina ya kurasa, na wakiliandika 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ambazo ni za huduma ya familia ya Cloudflare, wanafanya vyema. Lakini tarakimu moja ikikosewa, kurasa zote hukataa kufunguka hali waifai na kifurushi vipo. Ikitokea hivyo mara tu baada ya kuweka kichujio, anza kwa kuzisoma tarakimu zile upya.

Ikibidi kupiga simu kwa kampuni au kumwita fundi, mwambie ulichokipata: taa ipi imezimika, simu inapata au haipati, tatizo ni la saa ngapi, na anwani ya kompyuta inaanza na tarakimu zipi. Atakayesikia hayo hatakuuzia ruta kwa urahisi. Andika pia jina la mtandao, neno la siri na namba ya huduma ya kampuni kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Usiibandike juu ya ruta, kwa maana iko sebuleni, na kila mgeni anajua kusoma.