Tupaheshimu Mahali Petu

Mara nyingi twawasikia vijana wa hapa Bulwa wakisema, "Kwetu ni mvua, matope na ukungu tu, heri Tanga." Lakini mkataa kwao ni mtumwa. Basi na tutazame pamoja.

Maji ya mji wa Tanga hutoka mto Zigi, nao huanzia katika misitu ya milima yetu hii. Mvua tuilaumuyo ndiyo ikuzayo chai na iliki zetu, ndiyo iwanyweshayo watu wa pwani. Tena, mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliona katika Usambara ua dogo la rangi ya urujuani, akapeleka mbegu zake Ulaya. Leo lapandwa vyunguni, madirishani mwa watu wa nchi nyingi. Nasi twapita kando yake bila kugeuka.

Adharauye kwao hakawii kukata miti ikingayo chemchemi. Kwa hiyo, kila juma na tujifunze jambo moja la hapa: tuwaulize wazee majina ya miti, tufuate kijito hata chanzo chake, kisha tupande mti hapo. Apajuaye mahali hupapenda, naye apapendaye hupatunza.