Likizo ya Kiangazi Pwani ya Marseille

Julai na Agosti watu wengi wa Ulaya hufunga mizigo wakaenda pwani ya Bahari ya Mediterania. Marseille, katika Ufaransa ya kusini, ni mmoja wa miji ya pwani hiyo, na hata mwenye mfuko mwepesi hakosi la kufanya huko.

Kando ya mji ziko hori nyembamba kati ya majabali meupe ya chokaa; wenyeji huziita calanques. Watu huogelea, huparamia majabali, au hutembea tu chini ya misonobari. Tangu 2012 mahali hapo ni hifadhi ya taifa. Hori ya Sugiton ilikuwa ikipokea watu zaidi ya elfu kwa siku, na miguu yao ikala udongo hata mizizi ya miti ikawa nje. Basi mwaka 2022 ikaamriwa waingie 400 tu kwa siku za kiangazi, wajiandikishe mbele, bila malipo. Kwangu sheria hiyo ni ya haki, maana tajiri hapati nafasi kuliko maskini. Tena siku za ukavu na upepo mkali njia hufungwa kwa hofu ya moto.

Siku kama hiyo yafaa kwenda mjini kutazama mfano wa pango la Cosquer, uliofunguliwa 2022. Pango lenyewe limefungwa: mlango wake uko mita 37 chini ya maji, na wazamiaji watatu walikufa humo mwaka 1991. Ndani mna picha za farasi na ndege, zilizochorwa zama za kale bahari ilipokuwa mbali. Sasa maji yanapanda, nayo yanazifuta.