Shamba la Gishubi: ulime, umkodishe jirani au uwape watu wa sola?

Kituo cha sola cha Mubuga, chenye megawati 7.5, kilizinduliwa mkoani Gitega, Burundi, mwaka 2021. Tukio kama hilo halina budi kumfanya mwenye shamba wa tarafa ya Gishubi, au wa Muyinga kule, apige hesabu kabla hajabishiwa hodi na kampuni.

Aanze na ukubwa. Kule Rwamagana, Rwanda, kituo cha megawati 8.5 kilichoanza kazi mwaka 2014 kimejengwa kwenye hekta 20 zilizokodishwa na kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, na kodi husaidia kukiendesha kijiji hicho. Kwa kipimo hicho, megawati 7.5 zinataka hekta 17 na ushei. Familia nyingi za Burundi hulima nusu hekta au pungufu, kwa hiyo kampuni itahitaji familia 35 au zaidi zilizopakana. Hapo ndipo penye nguvu yenu: anayesaini peke yake huuza bei chee, na wanaofuata hupimiwa kwa bei yake.

Ukilima mwenyewe, maharage na mahindi ya misimu ya kilimo A na B yanaliwa nyumbani hata sokoni kukiwa kubaya. Ukimkodisha jirani kwa msimu, hela ni kidogo lakini unalipwa mapema, na usiporidhika mwakani unalichukua tena shamba lako. Mkataba wa sola, ambao huweza kuwa wa miaka 25, haukuachii nafasi hiyo.

Lakini mtego mkubwa ni faranga. Mei 2023 dola ilipanda kwa bei rasmi kutoka faranga 2,000 na kidogo hadi 2,800 hivi. Kodi ya faranga milioni moja iliyokuwa na thamani ya takriban dola 480 ikabaki 355, wala hakuna aliyevunja mkataba. Hata bila kishindo kama hicho, bei zikipanda asilimia 10 kila mwaka, faranga 100 za leo zitanunua mwaka wa 25 kitu cha faranga 9. Kodi isiyopanda ni zawadi kwa kampuni. Idai ifuate bei za soko, au ihesabiwe kwa kilo za maharage, wakicheka, wacheke.

Kampuni pia huweza kuomba ardhi ishikiliwe huku ikitafuta fedha na vibali. Miaka hiyo ya kusubiri ilipiwe, na uruhusiwe kulima mpaka siku nguzo ya kwanza inaposimikwa. Iandikwe nani atang'oa vyuma na zege mwishoni, na fedha zake ziwekwe benki mapema.

Uliza pia kama paneli zinaweza kuinuliwa ili ulime chini yake. Katika majaribio ya Kajiado, Kenya, kabichi zilizolimwa chini ya paneli zilikuwa kubwa kwa theluthi kuliko zilizokaa juani.

Kabla ya yote hayo, chukueni cheti cha shamba kwenye ofisi ya ardhi ya tarafa, ambayo sheria ya ardhi ya mwaka 2011 inaitambua. Ndugu wote wakubali, dada wakiwemo. Muyinga, ambako wakimbizi wengi wamerudi kutoka Tanzania, chunguzeni kwanza kama hakuna mwingine anayelidai shamba hilo.

Uamuzi wangu: shamba la kahawa au la maharage usilitoe. Kipande cha mawe kisichozaa kitoe, mkiwa kundi, na kwa kodi inayopanda.