Udon kwa dagaa wa nyumbani, kutoka Riyadh hadi Jeddah

Tunaoishi Saudi Arabia tukisikia chakula cha Kijapani huwaza mambo mawili: bei ya mkahawani, na kama ndani yake mna kitu cha haramu. Hilo la pili si wasiwasi wa bure. Supu ya tambi iitwayo tonkotsu hutengenezwa kwa mifupa ya nguruwe, na mirin, kile kimiminika kitamu cha mchele kinachotiwa katika michuzi mingi ya Kijapani, ina kileo cha kiasi cha asilimia 14. Madukani humu haimo, lakini maelekezo ya mapishi yaliyomo kwenye intaneti huitaja kila mara. Dada zetu wanaopika katika nyumba za watu, ambako watoto wameziona tambi hizo kwenye katuni na wanazitaka leo leo, wajue hilo mapema, maana lawama huwaangukia wao.

Sisi tumechagua udon, tambi nene za unga wa ngano, maji na chumvi basi. Katika mkoa wa Kagawa, kisiwani Shikoku, supu yake hutokana na iriko. Na iriko ni nini? Ni dagaa! Huchemshwa kwa maji ya chumvi kisha wakaanikwa, kama wafanyavyo watu wa Unguja. Kwa hiyo wale dagaa waliokuja katika sanduku la mgeni, wamefungwa mifuko mitatu ili nguo zisinuke, wamepata kazi.

Watoe vichwa na matumbo, maana huko ndiko kwenye uchungu. Konzi moja iloweke usiku kucha katika lita moja na nusu ya maji, ndani ya friji. Asubuhi chemsha kwa moto mdogo dakika kumi, chuja, kisha tia vipande vya kuku na tangawizi mpaka kuku aive. Badala ya mirin tumetia kijiko cha dibsi, yaani asali ya tende. Sosi ya soya soma kwanza maandishi ya chupa, kwani viwanda vingine huongeza kileo ili isiharibike. Onja kabla ya kuitia. Dagaa wetu wana chumvi.

Kazi ni unga. Kwa watu wanne: unga gramu 400, maji mililita 190, chumvi gramu 20. Mara ya kwanza tulipika Riyadh wakati wa baridi, hewa kavu kabisa. Tukaliacha donge wazi tukizungumza na nyumbani kwa simu, na tuliporudi lilikuwa limepasukapasuka kama tope la mto uliokauka. Likaishia jaani. Lifunike kwa kitambaa kibichi, saa nzima.

Jeddah, mwezi wa Agosti, mambo yakageuka: unyevu wa bahari, donge likanata mikononi. Wajapani wana kanuni ya zamani, kwamba wakati wa joto kikombe cha chumvi huenda na vitatu vya maji, na wakati wa baridi na sita, kwa kuwa chumvi hulikaza donge. Hatukufika huko, tulipunguza maji vijiko viwili na kufikisha chumvi gramu 25. Nyingi hutoka tambi zinapochemka, hivyo maji ya kuchemshia yasitiwe chumvi.

Donge hili ni gumu, na desturi yao ni kulitia katika mfuko safi na kulikanyaga kwa miguu. Bibi mmoja wa Unguja, mgeni wetu aliyekuja kwa Umra, alikataa katakata: chakula hakikanyagwi. Akalikanda mwenyewe kwa mikono, akalisukuma kama chapati, akalikata vipande vyembamba vya milimita tatu hivi.

Chemsha dakika kumi hadi kumi na mbili, kisha suuza kwa maji baridi. Jeddah maji ya bomba wakati wa joto hutoka ya moto kwa sababu ya tangi la juu ya paa, basi weka barafu tayari. Tambi ndani ya bakuli, supu juu, kuku, yai la kuchemsha na kitunguu cha majani.

Bibi alimaliza la kwanza kimya. La pili alilitia ndimu na pilipili.