Nyaya za Ukutani na Mwendo wa Intaneti Upareni

Katika mji wa Same, ulioko chini ya Milima ya Upare, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya Tanga hupita zote mbili kuelekea Moshi, wale wachache waliobaki na simu ya mezani, nao ni maofisi, mashule, nyumba za misheni na baadhi ya wafanyabiashara, aghalabu hulalamika kwamba intaneti iletwayo na waya huo ni nzito, inakatika, au inazunguka tu bila ya kufungua ukurasa; na lawama hugawanywa baina ya milima, umbali wa mji, na shirika la simu. Mambo hayo matatu yana sehemu yake, wala sina nia ya kumtetea yeyote. Lakini iko sababu ya nne ambayo husahauliwa kwa kuwa iko karibu mno na macho yetu, nayo ni waya uliomo ndani ya nyumba yenyewe, tangu pale unapopenya ukuta hata pale modemu ilipowekwa.

Waya wa shaba wa simu haukutandazwa kwa ajili ya intaneti. Ulitandazwa kwa sauti ya mwanadamu, tangu zama za Posta na Simu ya Afrika ya Mashariki. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kazi ikachukuliwa na shirika la posta na simu la Tanzania, nalo likagawanywa kwa sheria za mwaka 1993, posta ikabaki na shirika lake na simu ikawa ya TTCL. Muda wote huo fundi aliyeingia nyumbani kufunga simu alitakiwa jambo moja tu, kwamba mtu akiinua mkono wa simu asikie na asikike, na kwa kazi hiyo waya wa namna yoyote ulitosha, maana sauti katika simu huchukua nafasi ndogo sana, tangu hertzi 300 hadi hertzi 3,400, na mawimbi ya kiasi hicho ni mavumilivu, hupita penye kutu, penye fundo baya na penye waya mrefu usio na kazi.

Intaneti iitwayo ADSL, ambayo misingi yake iliwekwa katika miaka ya 1980 na wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Joseph Lechleider wa maabara za Bellcore, ilikuja kuukalia waya huo huo, lakini juu ya sauti: hupanda hadi kilohertzi 1,100, na ile iliyofuata, ADSL2+, hupanda hadi 2,200. Uwanja huo hukatwa vipande vyembamba, 256 katika ADSL na 512 katika ADSL2+, na kila modemu inapowashwa hukipima kila kipande, ikakipa mzigo kwa kadiri ya uwezo wake: kilicho safi hupewa mwingi, chenye makelele hupewa kidogo, kilichoharibika huachwa. Jambo hili ningependa msomaji alishike, kwa kuwa ndilo linalotufumba macho. Waya mbovu hauizimi intaneti. Huipunguza kimya kimya, na mwenye nyumba, akiona taa za modemu zinawaka na simu inalia, hudhani kwamba upande wake ni salama, na kwamba hicho anachopata ndicho alichopangiwa.

Mpare hahitaji kuelezwa habari za mfereji. Katika bonde linaloshuka kutoka Vudee, likapita Bangalala hata tambarare za Makanya, wazee walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe yashuke mashambani kwa zamu. Na kila mwenye shamba alijua kwamba nguvu ya maji yanayomfikia haitegemei ndiva peke yake, bali hutegemea pia urefu wa mfereji, nyufa zake, na matawi yaliyochepuliwa njiani. Basi mtambo wa simu ulioko mjini ndio ndiva, waya wa nguzoni ndio mfereji mkuu, na nyaya za nyumbani ndizo vijifereji vya mwisho kabisa, ambavyo mwenye shamba huvichimba kwa jembe lake bila ya kumwuliza mtu. Shaba hula nguvu ya mawimbi katika kila mita, na mawimbi ya juu huliwa kwanza. Ndiyo maana aliye kilomita moja kutoka mtamboni aweza kukaribia kile kipeo cha ADSL2+, nacho ni megabiti 24 kwa sekunde, ilhali aliye zaidi ya kilomita 5 hubakiwa na masalio tu. Umbali huo hakuna awezaye kuupunguza. Kinachowezekana ni kutoyapoteza masalio hayo katika mita 10 za mwisho.

Mfano wa mfereji, hata hivyo, unaishia hapo, kwa sababu tawi la waya lina tabia ambayo tawi la maji halina. Maji yakiingia katika tawi lililozibwa mwisho wake, hujaa yakatulia. Wimbi la umeme likiingia katika waya ambao mwisho wake haukuunganishwa na kitu, halitulii hata kidogo: hufika mwisho, hurudishwa lilikotoka, na linaporejea katika njia kuu hulikuta wimbi jingine linapita, na iwapo kuchelewa kwake kumeangukia kipimo fulani, mawili hayo hupingana yakafutana. Hesabu yake si ngumu. Mawimbi husafiri ndani ya waya kwa kilomita laki mbili hivi kwa sekunde, yaani theluthi mbili ya kasi ya nuru. Kwa hiyo tawi lenye urefu wa mita 50 hufuta mawimbi yaliyo karibu na megahertzi 1, na tawi la mita 25 hufuta yaliyo karibu na megahertzi 2, na yote hayo yamo ndani ya uwanja ule ule ambao ADSL2+ inautegemea. Sasa tuzitazame ofisi na shule zilizojengwa zamani, ambako ilikuwa heshima kuwa na soketi katika kila chumba, moja kwa mkuu, moja kwa karani, moja ukumbini, na moja katika nyumba ya nyuma. Simu zile zimeondolewa siku nyingi, watu wakahamia simu za mkononi, lakini nyaya zake zingali ndani ya dari, hazina chochote mwishoni, na kila moja inarudisha mawimbi yaliyopotea njia.

Kasoro ya pili ni aina ya waya. Jozi ya simu iliyo njema husokotwa, waya mmoja ukiuzunguka mwenziwe, na ufundi huo ni wa kale kuliko tunavyodhani, kwa maana Alexander Graham Bell alipata hataza yake mwaka 1881. Faida yake ni kwamba kelele yoyote itokayo nje huziingia nyaya zote mbili kwa kadiri moja, na modemu, ambayo huisoma tofauti iliyopo baina ya nyaya hizo, haiioni. Waya bapa unaouzwa madukani kwa ajili ya kurefusha simu haukusokotwa. Ukiutandaza mita 15 kando ya ukuta, tena sambamba na waya wa umeme, umekwisha kuutengeneza mlingoti wa kunasa mawimbi: chaja za bei nafuu, taa za kisasa zenye vigeuza umeme vidogo ndani yake, na hata redio za masafa ya kati, zile zilizotumiwa miaka mingi na Redio Tanzania, ambazo masafa yake, tangu kilohertzi 500 na kitu hadi 1,600, yamo katikati ya uwanja wa ADSL2+.

Lakini kasoro iliyoenea kupita zote ni ya viungo, na hii haitaki chombo ghali kuiona; bisibisi moja yatosha. Fungua kisanduku cha soketi ya kwanza, kile kilicho karibu na mahali waya unapoingilia ndani, na katika nyumba nyingi za tambarare utakuta vumbi jekundu lililojikusanya pembeni, mabaki ya kiota cha nyigu wa udongo, na katikati nyaya nne au sita nyembamba, baadhi zimebanwa kwa skrubu iliyolegea, nyingine zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi ambayo gundi yake imeyeyuka kwa joto. Ibandue hiyo tepu. Ikiwa shaba iliyo ndani ni ya kijani, hapo ndipo megabiti zako zinapoishia. Rangi hiyo ni ulikaji wa shaba, na kiungo kilicholika huzuia umeme, tena huupitisha upande mmoja vizuri kuliko upande wa pili, na kutokana na hali hiyo hupatikana kelele mpya ambayo haikuwamo katika waya. Milimani, kwenye mvua nyingi za masika na vuli, unyevu hufanya haraka kazi ambayo huku chini hufanywa polepole na vumbi. Na ndiyo maana utamsikia mtu akisema kwamba mtandao wake hufa mvua inyeshapo na kufufuka jua likitoka. Hiyo si kudura ya mawingu. Ni kiungo kilicho wazi mahali fulani, ima nguzoni ama ukutani, kinacholowa na kukauka.

Liko pia jambo la kichujio, ambalo nitalipitia kwa ufupi. Kila simu ya mezani iliyounganishwa na waya wenye ADSL sharti iwekewe kichujio, kijisanduku kidogo kinachoiachia simu sauti na kuizuilia mawimbi ya juu. Bila ya hicho, mtu akiinua mkono wa simu katika chumba chochote hali ya waya wote hubadilika, na modemu hulazimika kuanza mapatano upya na mtambo. Bora zaidi kuliko vichujio vitano vilivyotapakaa nyumba nzima ni kigawanyi kimoja kinachofungwa pale pale waya unapoingilia, upande mmoja ukaenda kwenye simu zote na nyaya zao za zamani, upande wa pili ukaenda moja kwa moja kwenye modemu kwa jozi iliyosokotwa. Kwa njia hii matawi yote yaliyomo darini hutengwa kwa mara moja.

Kupima ni rahisi, nami nawasihi wenye maofisi na walimu wakuu wafanye hivyo kabla ya kuandika barua ya kulalamika. Zitenganishe nyaya zote za ndani, uiache soketi ya kwanza peke yake, uiunganishe modemu hapo kwa waya mfupi, kisha upime mwendo. Halafu urudishe kila kitu mahali pake upime tena. Ikiwa vipimo viwili vinalingana, kasoro iko nje, na malalamiko yako ni ya haki. Ikiwa vinatofautiana, kasoro ni yako. Kadhalika modemu nyingi zina ukurasa wake ndani unaotaja kwa desibeli ni kiasi gani mawimbi yanaizidi kelele kupita kile kinachohitajika. Mitambo mingi hupangwa ilinde ziada ya desibeli 6 hivi, na ziada ikishuka chini ya hapo utarajie kukatika. Na kwa asiyetaka hesabu, liko sikio: inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio ukome, usikilize. Mikwaruzo unayoisikia katika sauti ni sehemu ndogo tu ya ile ambayo modemu inapambana nayo.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya waya unaokufa, kwani faiba inaingia majumbani. Ni kweli inaingia, na ni neema kubwa. Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikaja mwaka uliofuata, na mkongo wa taifa ukavutwa hadi mikoa ya kaskazini; habari itokayo Ulaya yavuka bahari na nchi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini uzi wa faiba nao una adabu zake nyumbani: kiini kinachopitisha nuru kina upana wa sehemu 9 za elfu za milimita, kwa hiyo chembe moja ya vumbi la Same ikikaa juu ya ncha yake huziba njia, na ukiukunja uzi wenyewe kwa ukali kwenye kona ya ukuta, au ukiupigilia kwa msumari wa kubania nyaya, nuru humwagika njiani. Aidha, ruta iliyofichwa kabatini nyuma ya kuta mbili za tofali itampa mtu wa chumba cha mwisho intaneti ile ile aliyoikimbia.

Basi wewe unayejenga leo, iwe Same, Hedaru, Gonja au Usangi, usimwachie fundi umeme peke yake shauri hili. Kabla ya plasta kupigwa, mwagize apitishe paipu ya peke yake kutoka mahali waya au faiba itakapoingilia hadi katikati ya nyumba, kwenye ukuta ambao ruta itakaa juu wazi. Aiweke mbali na paipu ya umeme kwa walau nusu mita, akunje kona zake kwa upole, na aache uzi wa kuvutia ndani yake, kwa sababu gharama ya paipu hiyo sasa ni ndogo, na gharama ya kubomoa ukuta uliokwisha kupakwa rangi utailipa wewe.