Gari Likikohoa Njiani

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Mitwaba hupita kwanza Likasi, kisha hushika barabara ya udongo kuelekea kaskazini, penye milima ya Kibara. Safari yote yapita kilomita 300. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kila mahali. Wakati wa mvua matope hushika magurudumu. Gari likizimika huko, garaji iko mbali, na abiria hawana ila miguu yao.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, tulisafiri njia hiyo katika gari kuukuu la petroli. Miongoni mwetu alikuwamo mama aliyempakata mtoto mwenye homa kali. Tulipoanza kupanda mlima gari lilikohoa, likashtukashtuka, likazimika. Baada ya kupumzika likawaka, likaenda kilomita chache, likazimika tena. Dereva akaifungua pampu na kutia nyingine mpya, aliyoinunua kwa fedha nyingi. Tukaondoka kwa furaha, lakini haikupita nusu saa gari likazimika vilevile. Jua lilikuwa limekwisha kutua ndipo mzee mmoja, aliyepata kuwa fundi, alipoomba ruhusa akafungua kifuniko cha tangi. Sote tulisikia hewa ikiingia: fyuu! Kifuniko kilikuwa kipya, nacho hakikuwa na tundu la hewa. Mzee akamwambia dereva kwa upole, “Mwanangu, umetibu mguu, na kinachouma ni kichwa.” Akakilegeza kifuniko, nasi tukafika usiku. Mtoto alipata dawa, lakini saa nyingi zilikuwa zimepotea bure.

Dereva yule hakuwa mvivu. Alitoka jasho kuliko sisi sote. Kosa lake ni kwamba alibadili kabla ya kupima. Ndiyo maana twataka kueleza hapa jinsi ya kuifuata petroli hatua kwa hatua, maana magari yenye kabureta, ingawa viwanda vingi viliacha kuyatengeneza katika miaka ya 1980 na 1990, yangali yakitumika.

Yafaa kwanza kuijua njia ya petroli. Hutoka tangini, hupita katika mrija na chujio, huvutwa na pampu, husukumwa hadi bakuli dogo la kabureta. Bakulini mna kielea, ambacho hupanda petroli ijaapo na kuufunga mlango kwa sindano. Kutoka hapo petroli hupita katika vitundu vyembamba viitwavyo jeti, ikachanganyika na hewa: kilo moja ya petroli kwa kilo 15 hivi za hewa.

Basi gari likizimika, tuulize kwanza: je, kweli ni petroli? Umeme wa plagi ukikatika, mara nyingi gari huzimika ghafula kama taa iliyopulizwa. Petroli ikipungua, gari hukohoa na kulegea kwanza, hasa mlimani, ndipo huzimika.

Pili, tufungue kifuniko cha tangi. Tangi lisipopata hewa, petroli haitoki, kama vile maji yasivyotoka katika mtungi uliozibwa. Tutie pia kijiti safi tupime kimo cha petroli, kwa kuwa mshale wa kipimo waweza kudanganya.

Tatu, tuondoe chujio la hewa na kutazama kooni mwa kabureta, injini ikiwa imezimwa na kupoa, huku mwenzetu akikanyaga pedali ya mafuta. Katika kabureta nyingi tutaona mchirizi mwembamba wa petroli ukiruka. Tukiuona, petroli imefika bakulini, na pengine jeti imeziba. Tusipouona, yatupasa kurudi nyuma kuelekea pampu.

Nne, tukate waya wa koili ili pasiwe na cheche, tuuchomoe mrija wa petroli penye kabureta na kuuelekeza ndani ya chupa, kisha mwenzetu azungushe injini kwa stata. Petroli ikitoka kwa mapigo yenye nguvu, pampu ni nzima. Ikidondoka kwa unyonge, tusiihukumu pampu upesi: tuchungue kwanza chujio, halafu mrija utokao tangini. Ufa ulio kati ya tangi na pampu huenda usivujishe hata tone moja, maana pampu hunyonya hewa kwa ufa huo badala ya petroli. Haya yote yakiwa mazima, ndipo tushuku vali za pampu au kiwambo chake. Tunuse na oili ya injini: ikiwa yanuka petroli na imekuwa nyepesi, pengine kiwambo kimepasuka. Gari hilo lisiendeshwe kabla ya kutengenezwa na kubadilishwa oili, kwani oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma.

Petroli inunuliwayo katika chupa kando ya barabara huweza kuwa na maji au taka. Tuiache itulie katika chupa nyeupe ya kioo: maji ni mazito kuliko petroli, nayo hukaa chini. Tena, siku ya jua kali petroli huweza kuchemka ndani ya mrija na kugeuka mvuke, ambao pampu haiwezi kuusukuma vema. Hapo dawa ni kungoja, na kuupoza mrija kwa kitambaa chenye maji. Kinyume chake, tukiona moshi mweusi na kunusa petroli nyingi, huenda sindano ya bakuli haifungi au kielea kimetoboka.

Jeti iliyoziba isafishwe kwa kupulizwa hewa, wala isichokolewe kwa waya, maana shaba ni laini na tundu likipanuka kipimo huharibika.

Enyi vijana mpendao ufundi, shikeni pia haya: asivute mtu sigara karibu na petroli, wala asiinyonye kwa mdomo, kwa kuwa ikiingia mapafuni yaweza kuua. Wala asimimine petroli kooni mwa kabureta huku injini ikizungushwa. Moto hurudi nyuma, na wengi wameungua kwa haraka hiyo.

Kupima kifuniko hakugharimu hata faranga moja. Tuanze basi na kisichogharimu kitu, tuongeze hatua moja baada ya moja, na tusifungue kingine kabla ya kujibiwa na kile cha kwanza. Yule mama aliyempakata mwanawe gizani hakuhitaji pampu mpya. Alihitaji mtu wa kuuliza swali la kwanza kwanza.