Fahamu Madaraja ya Injini Yanayopunguza Gharama za Mbio za Sprinti Marekani

Mbio za magari ya sprinti ni miongoni mwa michezo ya magari yenye mizizi mirefu nchini Marekani. Magari mafupi, yenye magurudumu yaliyo wazi na bawa kubwa juu, hushindana katika viwanja vya udongo vya umbo la yai, ambavyo vingi vina mzunguko wa mita 400 hadi 800.

Washiriki wengi wa viwanja vidogo si madereva wa kulipwa. Ni mafundi, wakulima na wafanyabiashara wanaofanya kazi zao wiki nzima na kushindana siku ya Jumamosi. Kinachoamua kama wataendelea kushiriki msimu ujao ni bei ya injini, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote za gari hilo.

Madaraja hupangwa kwa ujazo

Madaraja makuu hutajwa kwa ujazo wa injini katika inchi za ujazo. Daraja la juu ni 410, sawa na takriban lita 6.7. Injini hiyo hutoa nguvu za farasi zipatazo 900, ilhali gari pamoja na dereva wake lina uzito wa takriban kilo 640 tu. Ndilo daraja la World of Outlaws, mfululizo wa mashindano ulioanzishwa mwaka 1978, na la mashindano makubwa ya Knoxville, Iowa, yaliyoanza mwaka 1961. Injini mpya ya daraja hilo huzidi dola 50,000 za Marekani.

Daraja linalofuata ni 360, sawa na lita 5.9, ambalo lilikusudiwa kuwa nafuu. Hata hivyo, kadiri hadhi na zawadi zake zilivyoongezeka, timu zenye fedha nazo zilianza kuwekeza humo, na bei ya injini ikapanda.

Hali hiyo inaonesha kuwa kupunguza ujazo pekee hakutoshi kudhibiti gharama. Injini ndogo inaweza kurudisha nguvu iliyopotea kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Kasi hiyo huhitaji vipuri vyepesi na imara vyenye bei kubwa, na injini huchakaa mapema.

Kanuni zinazobana matumizi

Kutokana na uzoefu huo, madaraja ya gharama nafuu yameongeza masharti mengine juu ya ujazo. Mfano unaofahamika zaidi ni RaceSaver, mpango ulioasisiwa na French Grimes wa jimbo la Virginia, unaotumia injini za 305, sawa na lita 5.0. Mashindano yake husimamiwa pia na IMCA, chombo cha mbio za magari kilichoanzishwa mwaka 1915.

Ujazo huo haukuteuliwa bila sababu. Kuanzia mwaka 1976, Chevrolet ilifunga injini za 305 katika magari mengi ya abiria, hivyo vipuri vyake vilienea. Kanuni hudai bloku ya chuma badala ya aluminiamu, na vichwa vya silinda hukaguliwa na kuwekewa lakiri ili visichongwe kwa siri. Mwenye fedha nyingi hakatazwi kuzitumia, lakini hapati nafasi kubwa ya kununua nguvu zaidi ya mwenzake.

Njia ya pili ni injini inayotoka kiwandani ikiwa imefungwa kwa boliti maalumu, ambazo huonesha iwapo imefunguliwa. Injini ya Chevrolet yenye namba 602, ya nguvu za farasi 350, ni miongoni mwa zinazojulikana sana katika mbio za udongo. Kila mshiriki hununua injini ileile, na fundi hodari hana pa kuongeza.

Njia ya tatu ni magari madogo zaidi yanayotumia injini za pikipiki za cc 600, ambazo hupatikana hata zikiwa zimetumika. Vijana wengi huanzia hapo.

Aidha, IMCA imewahi kutumia katika daraja lake jingine, la magari yaliyorekebishwa, kanuni inayomruhusu mshindani kudai injini ya mwenzake kwa bei iliyopangwa kabla. Anayeweka injini ya thamani kubwa kuliko bei hiyo hujiweka katika hatari ya kuipoteza.

Gharama baada ya ununuzi

Bei ya ununuzi ni mwanzo tu. Magari ya sprinti hutumia methanoli, ambayo huingia katika oili na kula sehemu za aluminiamu za mfumo wa mafuta. Kwa sababu hiyo, oili hubadilishwa mara kwa mara na mfumo husafishwa baada ya mashindano. Injini yenye nguvu kubwa pia humaliza haraka tairi la nyuma la kulia, na huhitaji kufunguliwa na kukarabatiwa mapema. Hivyo, akiba ya daraja nafuu huonekana zaidi katika matumizi ya msimu mzima kuliko katika siku ya kununua.

Pamoja na faida hizo, lakiri haina maana pasipo mkaguzi anayeiangalia. Mshiriki mmoja akifungua injini yake bila kugundulika, wengine hulazimika kumfuata au kujitoa, na daraja hupoteza unafuu wake.

Mnunuzi anashauriwa kusoma kwanza kanuni za uwanja anaokusudia kushiriki, kwa kuwa injini inayokubalika katika uwanja mmoja inaweza kukataliwa katika mwingine. Kwa injini iliyotumika, ni muhimu kuhakikisha kuwa lakiri zake ziko salama na kujua imeshindana mara ngapi tangu ikarabatiwe.